Mshale wa Mwendo Husema Nini? Ukweli wa Kipimamwendo na Kasi ya Magari Madogo



Katika vizuizi vya ukaguzi vya barabara iendayo mpakani Mutukula, kama ilivyo katika barabara nyingine za mipakani, hoja moja husikika mara kwa mara. Dereva amesimamishwa na kuonyeshwa tarakimu zilizosomwa na kifaa cha askari, naye anajibu kwa utulivu: "Afande, mimi nilikuwa kwenye hamsini. Nimeuona mshale kwa macho yangu." Huenda dereva huyo hasemi uongo, alichokiona ndicho anachokieleza. Lakini alichokisoma kwenye dashibodi si lazima kiwe ndicho gari lilichokuwa likikifanya barabarani.

Upo pia usemi wa pili, nao ni wa hatari zaidi: "Mshale wa gari huzidisha. Ukisoma 60 ujue uko 50 tu, kwa hiyo ongeza." Usemi huu una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana huaminika upesi. Makala haya yanakusudia kueleza chembe hiyo ni ipi, inaishia wapi, na kwa nini si ruhusa ya kukanyaga mafuta.

Gari huhesabu mizunguko

Kipimamwendo hakiioni barabara. Kinachojua ni idadi ya mizunguko tu. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya kipimamwendo cha sumaku, na kwa miongo mingi magari yalitumia mfumo huo. Waya unaozungushwa na giaboksi huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini kilichoshikamana na mshale. Kadiri sumaku inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyokiburuta kikombe, na springi ndogo hukirudisha nyuma. Pale nguvu hizo mbili zinapolingana, mshale hutulia juu ya tarakimu.

Katika magari ya siku hizi waya umeondoka. Mahali pake pana kihisio kinachohesabu mizunguko na kupeleka ishara za umeme kwenye dashibodi. Hata hivyo msingi haukubadilika: gari huhesabu mizunguko, kisha hukisia umbali kwa kuamini kwamba matairi yaliyofungwa ni ya kipimo kilekile alichokikusudia mtengenezaji. Imani hiyo ikivunjika, mshale nao hupotoka, ingawa hakuna kilichoharibika.

Nafasi iliyoachwa kwa makusudi

Kwa kuwa hakuna kifaa kisichokosea hata kidogo, watunga kanuni walijiuliza: kosa lielekee upande gani? Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipimamwendo vya magari mapya inajibu waziwazi. Mshale usisome kamwe chini ya mwendo halisi. Unaweza kusoma juu yake, ila usizidi sehemu moja ya kumi ya mwendo huo pamoja na kilomita 4 kwa saa. Basi gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa mshale wake wapaswa kusoma kati ya 50 na 59. Likienda 80, mshale uwe kati ya 80 na 92.

Hiyo ndiyo chembe ya ukweli katika usemi wa madereva. Lakini izingatiwe vema. Kanuni haisemi kwamba kila mshale huzidisha kwa kilomita 9 au 12. Inasema tu kwamba usivuke hapo. Gari moja laweza kuzidisha kwa kilomita 6, na jingine la aina hiyohiyo kwa kilomita 1. Anayeongeza 10 juu ya mshale kwa kudhani "umezidisha" anacheza kamari na jambo asilolijua.

Isitoshe, magari mengi madogo ya kwetu hutoka Japani yakiwa yametumika. Katika ukaguzi wa nchi hiyo, gari hupandishwa juu ya rola na kuendeshwa mpaka mshale usome 40. Kwa magari yaliyotengenezwa tangu 2007, mwendo halisi hukubaliwa ukiwa kati ya takriban kilomita 31 na 42.5 kwa saa. Maana yake ni kwamba gari laweza kupita ukaguzi huku mshale ukisoma chini kidogo ya ukweli. Na huo ni ukaguzi wa kule, kabla gari halijavuka bahari na kubadilishiwa matairi huku.

Matairi yanavyobadilisha hesabu

Tuchukue gari dogo lililotengenezewa matairi ya kipimo cha 175/65R14. Mzingo wa tairi hilo ni takriban mita 1.83, hivyo katika kilomita moja huzunguka kama mara 546. Mwenye gari, kwa kutaka liinuke kwenye njia za vumbi au lipendeze, anafunga rimu kubwa zaidi na matairi ya 185/65R15. Mzingo sasa ni takriban mita 1.95, na mizunguko kwa kilomita imeshuka hadi 512 hivi. Gari linasonga mbele zaidi kwa kila mzunguko, lakini kihisio hakijui. Ikiwa mshale ulikuwa sahihi hapo mwanzo, sasa ukisoma 80 gari linakwenda zaidi ya 85, na ukisoma 100 linakaribia 107. Nafasi aliyoiacha mtengenezaji imeliwa, na pengine imepitwa.

Matairi yaliyochakaa hufanya kinyume. Tairi likilika milimita 6 kuzunguka pote, kipenyo hupungua milimita 12, na mshale huzidisha kwa kama asilimia 2. Lakini asifurahie mtu, kwa maana tairi lililolika halishiki barabara yenye maji.

Wenye magari ya abiria wazingatie jambo jingine. Vidhibiti mwendo vingi hupokea ishara kutoka kwenye kihisio kilekile cha gari. Nchini Kenya na Tanzania gari la abiria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na nchini Rwanda vidhibiti vya magari ya abiria huwekwa kwenye 60. Ukiongeza ukubwa wa matairi, kidhibiti nacho hudanganyika: huamini kimezuia gari kwenye 80 huku limekwisha kuvuka.

Tena kuna magari yaliyotoka Uingereza ambayo dashibodi zake husoma kwa maili. Maili moja ni kilomita 1.609. Mshale ukionyesha 50 katika gari la namna hiyo, mwendo ni kilomita 80 kwa saa, na huo si mwendo wa kupita nao kwenye senta ya biashara. Anayenunua au kuazima gari aangalie kwanza maandishi madogo yaliyo chini ya tarakimu.

Tarakimu ya mwisho si ahadi

Vijana wengi hutazama dashibodi ya gari dogo, wakaona 180 pembeni kabisa, wakaamini kwamba gari linaweza kufika huko. Tarakimu hiyo ni uso wa saa tu. Chukua Toyota Yaris ya injini ya lita 1.0, ambayo ni ndugu wa Vitz tunazoziona kila siku. Kasi yake ya juu iliyotangazwa Ulaya ilikuwa kilomita 155 kwa saa, tena katika barabara tambarare.

Sababu ni upepo. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Injini ndogo inayokwenda 80 bila shida haina nguvu mara nane ya kuifikisha 160. Kwa hiyo anayejisifu kwamba Vitz yake "imegonga 165" kwenye mteremko, huenda alisoma mshale uliozidisha. Kwa upande mwingine, breki, matairi na uzito wa gari hilo havikukusudiwa kwa mbio hizo, hasa likiwa limejaza abiria na mizigo ya soko.

Kilomita kumi zinabeba nini

Msomaji aweza kuuliza: tofauti ya kilomita 10 ina uzito gani hata ipewe makala nzima? Hesabu itujibu.

Magari mawili yanapita senta sambamba, moja likienda 50 na la pili 60. Mtoto anakatiza barabara mbele yao. Kila dereva anachukua sekunde moja kutambua na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari la kwanza limekwenda karibu mita 14, na la pili karibu mita 17. Kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, gari la kwanza husimama baada ya mita nyingine 14 hivi, yaani jumla ya mita 28. Gari la pili huhitaji jumla ya mita 36 au 37.

Sasa simama pale lilipoishia gari la kwanza. Mtoto akiwa mita moja mbele ya hapo, yu hai na hajaguswa. Gari la pili likipita hapohapo bado linakwenda takriban kilomita 40 kwa saa. Ile "nyongeza kidogo" juu ya mshale ndiyo hiyo.

Hapa ndipo ulipo ujumbe wetu. Nafasi iliyoachwa kati ya mshale na ukweli haikuwekwa kwa ajili ya dereva anayechelewa. Iliwekwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu, asiyejua gari lina matairi ya kipimo gani. Anayeitumia anachukua kisicho chake.

Namna ya kupima mwenyewe

Kifaa cha askari, ambacho jirani zetu wa Tanzania hukiita tochi, hupima gari lenyewe kwa mawimbi ya redio au mwanga wa leza. Hakijali matairi wala dashibodi. Kibao cha barabarani nacho kinazungumzia mwendo halisi wa gari. Ni busara basi dereva aujue ukweli wa mshale wake kabla hajakutana na kifaa hicho. Njia mbili hazina gharama kubwa.

Ya kwanza ni saa na mawe ya kilomita. Katika sehemu iliyonyooka na isiyo na watu, ambapo sheria inaruhusu, shikilia mshale kwenye 80 bila kupanda wala kushuka, na abiria apime muda kutoka jiwe moja hadi linalofuata. Kwa mwendo halisi wa 80, kilomita moja huchukua sekunde 45. Kwa 60, sekunde 60. Kwa 50, sekunde 72. Ikichukua sekunde 49 huku mshale ukisoma 80, gari linakwenda kama 73, na mshale umeegemea upande salama. Ikichukua sekunde 42, gari linakwenda karibu 86, na mshale unakupunja. Rudia mara tatu kabla ya kuamua, maana sekunde moja ya kukosea hubadilisha jibu.

Ya pili ni simu yenye programu ya kupima mwendo kwa satelaiti. Hiyo haitegemei matairi. Husoma vizuri gari likienda mwendo usiobadilika mahali pa wazi, ila huchelewa kidogo gari linapoongeza au kupunguza mwendo. Simu ishikwe na abiria, dereva abaki na usukani.

Ukigundua mshale unasoma chini, angalia kwanza kibandiko cha vipimo vya matairi, ambacho mara nyingi huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukilinganishe na maandishi ya ubavuni mwa tairi. Vikihitilafiana, rudisha matairi yanayostahili, au umpelekee fundi arekebishe kipimamwendo. Mpaka hapo, punguza mwendo kwa kiasi ulichokipima.

Ndugu mwananchi, nawe usiye na gari una nafasi yako katika jambo hili. Abiria mwenye saa mkononi na macho kwenye mawe ya kilomita anaweza kumwambia dereva kwa adabu, "Kaka, mshale wako unasoma chini, tumepita kilomita kwa sekunde 40." Neno hilo likisemwa mapema, kabla senta haijafikiwa, ni msaada kwa dereva, kwa abiria wenzake, na kwa mtoto aliyetumwa dukani ng'ambo ya barabara.