Vitamini D Si Badala ya Dawa

Mwili hujitengenezea vitamini D ngozi inapopigwa na jua, nayo huimarisha mifupa. Wataalamu waliona zamani kwamba wenye virusi vya UKIMWI waliopungukiwa na vitamini hiyo hufa zaidi kuliko wenzao. Hapo lilizuka tumaini: je, wakipewa vidonge vyake, hawatapona mauti?

Jibu lilitafutwa jijini Dar es Salaam, nchini Tanzania, kati ya mwaka 2014 na 2018. Watu wazima 4,000 wenye kiwango kidogo cha vitamini D, waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi, waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa yuniti 50,000 kila juma kwa mwezi mmoja, kisha 2,000 kila siku hadi mwaka ukatimia. Nusu walipewa vidonge vitupu. Si mgonjwa wala mganga aliyejua nani kapata kipi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Vifo havikupungua, wala kifua kikuu, adui mkubwa wa wagonjwa hao. Yaelekea upungufu ule ulikuwa dalili ya udhaifu wa mwili, si chanzo chake.

Basi mke wa askari anayebana fedha ya mboga ili amnunulie mumewe chupa ya vitamini, afadhali anunue maharage na dagaa. Kinacholinda uhai ni zile dawa za kila siku, hata askari anapohamishwa kambi. Daktari akiandika vitamini D kwa ajili ya mifupa, hilo ni jambo jingine.