Kuokoa Nyonga ya Kijana Kabla Mfupa Haujabonyea

Maumivu ya kinena kwa kijana wa miaka 25 huchukuliwa kirahisi katika machimbo ya Geita na Kahama. Anayepandisha viroba vya mawe kutoka duarani huyahesabu kuwa uchovu wa kazi, hununua vidonge dukani na kesho yake hurudi kazini. Hata hivyo, maumivu yanayodumu kwa majuma kadhaa, hasa yakishuka hadi gotini, yanaweza kuwa dalili ya kufa kwa mfupa wa nyonga, ugonjwa ambao matokeo ya tiba yake hutegemea sana wakati.

Kichwa cha mfupa wa paja ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Hulishwa damu na mishipa michache myembamba inayopanda kupitia shingo ya mfupa. Mishipa hiyo ikiziba au ikikatika, mfupa hufa. Mwanzoni umbo halibadiliki. Baadaye kichwa hupungua nguvu, hubonyea kwa uzito wa mwili, na gegedu inayokifunika huharibika.

Kanda ya Ziwa ina sababu zake. Ya kwanza ni selimundu, ambapo chembe za damu zilizokakamaa huziba mishipa midogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima damu ya watoto wachanga wapatao 17,000 kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano alikuwa amerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja, na zaidi ya mmoja kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Ya pili ni ajali: kifusi kikitegua nyonga, inafaa irudishwe mahali pake ndani ya saa 6. Nyingine ni ulevi wa muda mrefu, pamoja na matumizi holela ya dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni.

Picha ya eksirei ya awali huweza kuonekana safi ilhali mfupa umekwisha kufa. Kipimo cha MRI huuona ugonjwa mapema zaidi. Kwa hiyo kijana mwenye selimundu anayechechemea asirudishwe nyumbani kwa sababu tu eksirei yake haina kasoro. Apewe rufaa, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Huko pia kifua kikuu cha nyonga, ambacho dalili zake hufanana na hizi, kitachunguzwa.

Kichwa kikiwa bado hakijabonyea, daktari bingwa wa mifupa anaweza kutoboa tundu jembamba kutoka ubavuni mwa paja hadi kwenye sehemu iliyokufa, ili kupunguza shinikizo na kufungua njia ya mishipa mipya. Baadhi ya madaktari huongeza uboho uliovutwa kutoka mfupa wa kiuno cha mgonjwa mwenyewe. Baada ya hapo hutembea kwa magongo kwa takriban majuma 6, bila kubeba mizigo.

Upasuaji huu si muujiza. Jaribio dogo la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 liliwalinganisha wagonjwa wa selimundu waliotobolewa mfupa na kufanya mazoezi ya viungo na wale waliofanya mazoezi pekee. Baada ya miaka 3 matokeo yalikaribiana. Mazoezi, basi, ni tiba kamili ya kuheshimiwa, na uamuzi wa kupasua hufanywa kwa kila mgonjwa peke yake. Kwa mwenye selimundu, maandalizi ya damu, maji, oksijeni na joto la mwili ni ya lazima kabla ya kisu.

Kichwa kikishabonyea, mara nyingi hubaki nyonga ya bandia. Hiyo huondoa maumivu, lakini huchakaa, na anayewekewa akiwa na miaka 25 ana uwezekano mkubwa wa kuhitaji upasuaji mwingine maishani. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati, muuza dawa na msimamizi wa duara wanapomwona kijana akichechemea kwa zaidi ya majuma mawili, ushauri wao wa kwanza uwe mmoja: apumzishe mguu huo, aende hospitali.