Waya wa birika haubebi mashine isiyolala

Baridi ya Juni na Julai katika maeneo ya Uyole, Tukuyu, Mafinga au Iringa mjini huwafanya watu watafute joto popote lilipo. Wengine huingiza jiko la mkaa ndani, jambo ambalo wataalamu wa afya hulikataza kila mwaka kwa sababu ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Katika msimu kama huo, kijana akileta nyumbani kifaa kinachopuliza hewa ya moto mchana na usiku, kisha akasema kinaingiza na pesa, ni rahisi familia nzima kukipokea kwa mikono miwili.

Kifaa hicho ni mashine ya kuchimba sarafu za kidijitali, hasa bitcoin. Ni boksi la chuma lisilofika nusu mita kwa urefu, lenye feni mbele na nyuma. Mashine zilizokwisha kutumika huuzwa mtandaoni, hivyo mwenye pesa na shauku anaweza kuipata hata akiwa chumba cha kupanga Iyunga au Kihesa.

Makala haya hayaamui kama bitcoin ni biashara nzuri au mbaya. Yanazungumzia kitu kinachoonekana kidogo kuliko vyote katika shughuli hiyo, nacho ndicho chenye uwezo wa kuunguza nyumba: waya unaotoka ukutani kwenda kwenye mashine.

Inafanya nini?

Mashine hii haichimbi kitu chochote ardhini. Kazi yake ni kukisia namba kwa kasi kubwa, ikishindana na mashine nyingine duniani kote. Mshindi hupata haki ya kuandika ukurasa mpya wa kumbukumbu za malipo ya bitcoin, na hulipwa kwa bitcoin. Ukurasa mpya hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi.

Chukua mfano wa Antminer S19 Pro, mashine inayofahamika sana kwa wachimbaji. Hukisia mara trilioni 110 kwa sekunde moja na hutumia umeme wa wati 3,250. Umeme huo wote huishia kuwa joto. Ni sawa na kuwasha hita tatu za wati 1,000 ndani ya chumba kimoja bila kuzizima.

Hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuipiga

Umeme unaopita kwenye waya hupimwa kwa ampea. Ili kuzipata, gawanya wati za kifaa kwa volti za umeme wa nyumbani, ambazo kwetu ni 230. Wati 3,250 ukigawanya kwa 230 unapata ampea 14 na kidogo.

Sasa tazama plagi ya pini tatu tunayotumia. Ndani yake kuna fyuzi, na kiwango chake cha juu kabisa ni ampea 13. Maana yake, mashine hii peke yake imeshavuka uwezo wa plagi moja ya kawaida.

Mashine za S19 huingiza umeme kwa nyaya mbili, zinazofanana na waya wa kompyuta ya mezani au wa baadhi ya mabirika ya umeme. Mtengenezaji aligawa mzigo makusudi, ili kila waya ubebe takribani ampea 7. Hatari huanza pale nyaya zote mbili zinapochomekwa kwenye ekstensheni moja. Mzigo uliogawanywa unakutana tena, na ampea 14 zote zinapita kwenye plagi moja na waya mmoja wa ekstensheni.

Kuna jambo lingine linalowagusa wakazi wa maeneo ambako umeme hupungua nguvu jioni. Taa hufifia volti zinaposhuka, lakini mashine hii hufanya kinyume. Inahitaji wati zilezile, hivyo huvuta ampea nyingi zaidi. Volti zikishuka hadi 200, ampea zinapanda na kuvuka 16. Saa ambayo majirani wote wanapika na kupiga pasi ndiyo saa ambayo waya wako unabeba mzigo mzito kuliko mchana.

Birika hupumzika, mashine haipumziki

Wengi hujibu kwamba nyumbani wanatumia birika la wati 2,000 kwa waya wa kawaida na halijawahi kuleta shida. Ni kweli, lakini birika huchemsha maji kwa dakika chache kisha hujizima. Pasi nayo hujikata ikishapata moto na kuwaka tena. Waya hupata muda wa kupoa.

Mashine ya kuchimba hufanya kazi saa 24, siku 30 za mwezi. Waya unaopata joto kidogo tu leo hautapoa kesho. Plastiki yake inakauka, inakuwa ngumu na kupasuka. Skrubu za soketi zinalegea taratibu. Palipolegea umeme hupita kwa shida, na panapopita kwa shida panazidi kupata moto. Joto la waya haliongezeki sambamba na ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto linalozalishwa huwa mara nne.

Ndiyo maana swali la kumuuliza fundi si "waya huu utawasha mashine?" Karibu kila waya utaiwasha. Swali ni "waya huu utaibeba mashine usiku kucha, mwezi mzima, bila kupata moto?"

Waya wa kutengenezewa

Wachimbaji wakubwa wa nje hawatumii nyaya za kuokoteza. Huagiza nyaya zilizotengenezwa kwa mashine zao: urefu unaotosha bila kukunjwa, unene unaolingana na mzigo, na vichwa vinavyoingia sawasawa. Vichwa vya waya wa kompyuta kwa kawaida vimepimwa kwa ampea 10. Vipo vikubwa zaidi, vyenye pini bapa, vilivyopimwa kwa ampea 16.

Kutengenezewa waya si kosa. Fundi mwenye ujuzi na vifaa sahihi anaweza kukupa waya bora kuliko ule wa bei rahisi uliofungwa kwenye boksi. Tatizo ni njia za mkato, na tatu ndizo za kuogopa.

Ya kwanza ni waya mwembamba. Unene huandikwa kwenye ganda la waya wenyewe kwa milimita za mraba. Kwa nyaya laini za vifaa, 0.75 hubeba ampea 6, 1.0 hubeba 10, na 1.5 hubeba 16. Waya usio na maandishi yoyote usiuamini. Zipo pia nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu tu. Huonekana nene na rangi yake ni ya shaba, lakini alumini hupitisha umeme kwa takribani asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba.

Ya pili ni kuunga kwa kusokota na kufunga tepu nyeusi. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kuvumilia taa. Kwa ampea 14 za saa 24, gundi ya tepu huyeyuka na kiungo hulegea.

Ya tatu ni kukata waya wa ethi, ule wa kijani na njano, kwa sababu "mashine inawaka hata bila huo". Itawaka kweli. Lakini hitilafu ikitokea ndani, boksi la chuma linabeba umeme, na anayeligusa ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Mara nyingi atakuwa mtoto mdogo, au dada wa kazi anayepiga deki kwa mikono yenye maji.

Kelele na moshi

Mashine ya S19 Pro hutoa kelele ya takribani desibeli 75, karibu sawa na mashine ya kufyonza vumbi. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ya chumbani usiku isizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi mzuri. Mtoto anayelala chumba kimoja na mashine hii hapati usingizi wa kutosha, na usingizi mbaya huonekana kwenye makuzi, hasira na masomo yake.

Nyaya nyingi zimefunikwa kwa plastiki ya PVC. Ikiungua hutoa moshi mweusi wenye gesi kali inayounguza macho na njia ya hewa, pamoja na kaboni monoksaidi. Katika nyumba zetu za msimu wa baridi, madirisha yakiwa yamefungwa na watu wamejifunika blanketi, moshi unaweza kumdhuru aliyelala kabla hajauona moto.

Mbeya inajua moto unavyoumiza. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na soko la SIDO likaungua mwaka 2017. Wafanyabiashara wengi walibaki na madeni bila mali.

Wanaochimba kwa mafanikio wako wapi?

Uchimbaji wa bitcoin upo Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kampuni ya Gridless imeweka mashine karibu na mitambo midogo ya maji yenye umeme wa ziada. Mashariki mwa Congo, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa kituo chake cha Luviro. Ethiopia nayo huuzia wachimbaji umeme wa mabwawa yake.

Huko mashine hukaa kwenye makontena nje, mbali na vyumba vya kulala, zikiwa na laini zao za umeme, feni na mafundi. Tena umeme wao ni wa bei nafuu.

Nyumbani hesabu ni tofauti. Mashine ya wati 3,250 hula uniti 78 kwa siku. Kwa kipimo cha LUKU cha shilingi 1,000 kwa uniti takribani 2.8, hizo ni kama shilingi 27,800 kwa siku, zaidi ya shilingi 800,000 kwa mwezi. Na malipo ya mchimbaji yalipunguzwa nusu Aprili 2024, kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125 kwa kila ukurasa. Hesabu ikibana, kishawishi cha kuruka mita huingia. Huo ni wizi wa umeme, na mara nyingi hufanywa gizani kwa nyaya zisizo na kinga yoyote.

Kijana ajue pia kwamba Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini, na kwamba sheria ya fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali.

Maswali manne ya kumuuliza kijana

Mzazi, au mwenye nyumba, hahitaji kujua kompyuta. Kaa na kijana wako bila ugomvi, umuulize:

1. Mashine inakula wati ngapi, na ni ampea ngapi?
2. Ina laini yake kutoka kwenye sakiti breka, au imechomekwa kwenye ekstensheni? Mashine ya namna hii inahitaji laini yake yenyewe, waya wa ukutani usiopungua milimita 2.5 za mraba au 4 kama umbali ni mrefu, na soketi ya ampea zaidi ya 13.
3. Aliyefunga ni fundi mwenye leseni ya EWURA?
4. Ikiwaka moto saa nane usiku, nani yuko chumba cha jirani, na atatokea wapi?

Dalili za hatari ni plagi yenye moto usioshikika, harufu ya plastiki, soketi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, mlio wa kukwaruza ndani ya soketi, na breka inayojikata mara kwa mara. Ukiona moja, zima kwenye meni swichi na usiwashe tena hadi fundi aje. Kuweka breka kubwa zaidi ili isikate ni kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu au plastiki. Kama hapumui, mlaze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri.

Aliyeungua, umeme ukishazimwa, apoze jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi. Kisha mpeleke hospitali hata kama alama ni ndogo kama punje ya mahindi, kwa sababu umeme huunguza misuli ya ndani na kuvuruga mapigo ya moyo bila kuonekana nje.

Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima meni swichi kama unaifikia, toa watu, funga mlango na piga 114, namba ya Zimamoto.

Kama mashine iko tayari nyumbani kwenu, usisubiri fundi wa kesho ili uanze. Jioni hii, kabla ya kulala, gusa plagi yake kwa nyuma ya kiganja kikavu, mradi plastiki yake haijapasuka. Ikiwa ya moto, izime, na mtoto alale chumba kingine.