Faraja ya Kipupwe Pasipo na Theluji: Maonyesho ya Pamoja ya Sanaa na Majira ya Mvua Kibuli, Kampala

Majumba ya sanaa ya Ulaya na Amerika Kaskazini yana desturi ya kukusanya kazi za wasanii kadhaa mwishoni mwa mwaka chini ya dhamira ya faraja na tafakuri ya majira ya baridi: blanketi, moto wa sebuleni, theluji dirishani. Makala haya yanafafanua kinachoipata dhamira hiyo inapopandishwa kilima cha Kibuli, Kampala. Hoja yake ni kwamba faraja huhamishika, bali majira hayahamishiki.

Ugumu huanzia kwenye msamiati. Vitabu vya shule hutumia neno "kipupwe" kwa majira ya baridi ya Ulaya, ilhali katika mwambao neno hilo hutaja miezi ya ubaridi kiasi, takriban Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma. Kampala, iliyo karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, haihesabu mwaka wake kwa kusi na kaskazi. Huuhesabu kwa mvua: Waganda huita mvua za Machi hadi Mei ttoggo, na zile za Septemba hadi Novemba ddumbi. (Theluji imo Uganda, lakini iko vileleni mwa Rwenzori, nayo inapungua.) Maonyesho ya "kipupwe" yakifunguliwa Desemba kwa kufuata kalenda ya London, yatawakuta wakazi wa Kibuli wakianza kiangazi.

Faraja ya mvua ina malighafi yake. Gome la mtuba, Ficus natalensis, huambuliwa wakati wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. Wafanyakazi hukaa chini ya banda lililo wazi ili gome lisikauke upesi. Kazi hii, iliyorithiwa hasa na ukoo wa Ngonge, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Nguo hiyo imekuwa vazi la kutawazwa, matandiko ya kulalia, na pia vazi la maziko. Ni nadra kitambaa kimoja kubeba faraja na tafakuri kwa pamoja kiasi hicho, na msanii hahitaji kuazima blanketi la sufu. Hata hivyo Kibuli ni kilima cha Waislamu, chenye msikiti uliojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Mwislamu huzikwa kwa sanda nyeupe. Mkeka, unaotandikwa kwa swala, kwa mgeni na kwa matanga, huenda ukawaunganisha watazamaji wa hapo kuliko gome.

Lakini mvua haimfariji kila mtu. Maji yanayotiririka kutoka vilimani huteremkia bondeni, ambako makazi ya Namuwongo yamesongamana kando ya reli na mfereji wa Nakivubo. Mlio wa matone juu ya bati humlaza aliye mlimani. Aliye bondeni humwamsha apandishe godoro mezani. Maonyesho yatakayoipamba mvua bila kulitaja godoro hilo yatakuwa yameichagua hadhira yake kwa mteremko.

Kwa washauri wa sera, uamuzi wenye uzito ni wa mahali na lugha. Tamasha la KLA ART lilitumia makontena mwaka 2012 na bodaboda mwaka 2014, likathibitisha kwamba sanaa ya Kampala yaweza kumfuata mtazamaji alipo. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Maelezo ya kazi yaandikwe kwa Kiswahili na Luganda, na jina la maonyesho litaje mvua, si kipupwe. Ufunguzi ufanywe katikati ya ddumbi, na kontena la bondeni liinuliwe juu ya matofali.