Miwani haiondoi kivuli: kupanga taa za jiko na chumba cha kulia

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Niko naandika juu ya taa za nyumba. Musicheke kwanza, mutaona namna inatuhusu.

Mwaka jana kwetu hapa Bukavu tulivunja ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia. Sasa ni chumba kimoja, ile tunaita jiko la Kimarekani: mita 6 kwa mita 4, jiko upande huu, meza ya kula upande ule. Ilipendeza. Fundi wa umeme akaweka ampuli moja kubwa katikati ya dari, tukamulipa, akaenda.

Kiisha mwezi moja, Mama akaanza kulalamika: "Mwanangu, macho yangu yananiacha." Mawe yalikuwa yanabaki mu maharagi. Usiku moja akajikata kidole akikata vitunguu. Mimi na yaya tukaanza kuchanga feza ya miwani. Mbele ya kwenda kuinunua, nikasimama fasi yake, nikakamata kisu. Kumbe! Ampuli ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Kichwa na mabega vilitupa kivuli palepale pa kukatia. Mimi niliyesoma miaka yote ile namna kivuli cha migomba kinavyoangukia kahawa, sikuona kivuli kilichomwangukia mama yangu.

Toka siku hiyo nilijifunza mambo matatu.

La kwanza: taa inafuata kazi, haifuati katikati ya dari. Chora chumba kwenye karatasi. Weka alama pale munapokatia, munapopikia, munapooshea vyombo, munapokulia, na pale watoto wanaposomea. Pale pa kukatia, taa inapaswa kuwa mbele yako, kwa mfano chini ya etajeri ya ukutani, si nyuma yako. Mwanga unaoangukia fasi fulani unapimwa kwa luksi, ndiyo lumeni moja kwa kila mita mraba. Kwa kutembea tu, luksi 100 hivi zinatosha. Kwa kukata na kuchambua, wanaopanga taa hutafuta 300 hadi 500. Na usisahau hii: taa ndogo ikiwa mbali mara mbili, mwanga wake unabaki robo, si nusu. Ndiyo maana ampuli ya wati 5 karibu na mkono inaweza kushinda ile kubwa ya dari. Tena mtu mzima anahitaji mwanga mwingi kuliko sisi vijana. Jiko linalokutosha wewe linaweza kuwa giza kwa Mama.

La pili: nunua lumeni, si wati. Ampuli ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa lumeni 800 hivi. Ya LED inatoa karibu vilevile kwa wati 9. Halafu angalia rangi, imeandikwa kwa kelvini kwenye kartoni. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano, unatuliza na unapendezesha chakula. 4000 ni mweupe, mzuri kwa kazi. 6500 unaelekea bluu. Sombe inaonekana kama imelala siku mbili. Sababu pande zote mbili zinaonana, usichanganye rangi zilizoachana sana, chumba kitaonekana kama nyumba mbili zilizogongana. Sisi tuliweka 4000 jikoni na 3000 juu ya meza. Ile ya meza tuliining'iniza sentimita 75 juu ya meza: inaangaza sahani, haichomi macho ya wageni.

La tatu: kila taa na kitufe chake. Hapa ndipo wengi tunakosea. Jiko likiwa wazi, mgeni aliyekaa mezani anaona masufuria yote machafu. Zima taa ya jiko, acha ya meza peke yake, na jiko linapotea bila ukuta. Tena inaokoa betri. Umeme ukikatika, hesabu ni rahisi: taa ya kukatia wati 5, ya meza 6, ya dari 9, jumla 20. Kwa masaa 5 ni wati-saa 100. Betri ya volti 12 na amperi-saa 50 inabeba 600 hivi, lakini ile ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo uko na 300. Taa zote tatu zitawaka usiku mzima wa kula na kusoma, na simu zitapata chaji. Ampuli moja ya zamani ya wati 60 ingekula hizo 300 zote peke yake.

Mama alienda kupimwa macho hata hivyo, na akapewa miwani ya kusomea. Ni vizuri. Lakini miwani haiondoi kivuli. Sasa anachambua maharagi usiku, na mdogo wetu anasoma pembeni ya meza, kila mtu na mwanga wake.

Basi, mbele ya kumwita fundi, ngoja giza liingie, ukasimame pale mama yako anaposimama kila siku, kisu mkononi. Pale ndipo plani ya taa inaanzia.