Je, Wajua? Okidi Nayo Hulala Julai

Je, wajua kwamba baridi ya Julai, ile inayotutoa na masweta Umoja na Buruburu, ndiyo inayoita maua ya okidi? Usiku Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12 za selisiasi, na jua huadimika. Okidi nyingi hupokea ubaridi huo kama ishara ya kujiandaa kuchanua. Sisi tunaiharibu ishara hiyo kwa kopo la maji.

Je, wajua kwamba Kenya ina takribani aina 280 za okidi za mwituni? Mojawapo ni okidi chui, Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia. Huota juu ya matawi ya miti, tena sehemu ambazo kiangazi ni kikali. Mashina yake manene ndiyo ghala lake la maji. Inyweshe mwaka mzima bila kuipumzisha, itakupa majani matupu.

Dendrobium nobile ni vivyo hivyo: ukizidisha maji na mbolea msimu wa baridi, mahali pa maua hutokea vitoto vya mmea. Kuanzia Juni, simamisha mbolea. Maji, kidogo tu, asubuhi, mashina yasije yakasinyaa.

Ila si zote! Phalaenopsis, yenye majani mapana na ambayo ndiyo huuzwa sana madukani, haina ghala. Usiiache ikauke kabisa, na usiku uingize chungu ndani, maana chini ya nyuzi 15 huanza kuumia.

Je, wajua kwamba mizizi hujieleza yenyewe? Imevikwa ganda la seli zilizokufa, mfano wa sifongo. Ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Ikiwa kijani, imeshiba.



Je, wajua kwamba maji ya kisima yenye chumvi, tunayoyajua sana Eastlands, huunguza mizizi hiyo? Kinga maji ya mvua ya Aprili kwenye dumu, uyaweke. Na chungu kijaze vipande vya makaa, si chengachenga, ili hewa ipite.

Basi usiitupe okidi iliyonyamaza kwenye roshani. Kama shina lingali gumu, iache ilale. Ukiona tumba au ncha ya mzizi mpya, rudisha maji polepole.