Paka wako akikojoa kitandani, usimfukuze kwanza

UMEOKOTA paka aliyekuwa akizurura sokoni Kehancha, ukamleta kwako kwenye chumba cha kupanga. Wiki ya pili, beseni la mchanga analipita tu, anaenda kukojoa kwenye godoro. Majirani wanalalamikia harufu, na mwenye ploti ashaanza kuuliza maswali. Marafiki watakwambia umrudishe ulikomtoa. Ngoja kidogo.

Paka hakojoi kitandani ili kukukomoa. Huenda anaumwa. Akiwa dume, chunga sana: akichuchumaa kila mara huku akilia, na mkojo hautoki au unatoka matone tu, huenda njia imeziba. Hapo hakuna kungoja. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, hata kama ni yule aliyezoea kutibu ng'ombe.

Akipatikana hana ugonjwa, angalia beseni. Zoa uchafu kila siku. Liweke mahali patulivu, mbali na chakula chake, na mchanga uwe laini, usio na manukato. Ukiwa na paka 2, weka mabeseni 3. Dume anayerushia kuta mkojo, mara nyingi huacha akihasiwa.

Na godoro je? Lisafishe kwa siki na maji. Jiki usiguse: ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma macho na kifua.

Kumchapa nako hakusaidii. Atajifunza kukuogopa tu, kisha atafute kona iliyofichika zaidi ya kukojolea.